Mwaka Niliofundishwa Gia na Papa Byamungu

Ujumbe wa sauti wa Mama Neema ulinifikia saa tatu asubuhi, nikiwa uani kwangu Miritini nimesimama kati ya mawili ya malori yangu, nikimweleza fundi kwa mara ya tatu kwamba gia haitengenezwi kwa nyundo. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyotarajia kwa habari aliyokuwa nayo. Alisema mumewe, Papa Byamungu, ametuacha, kwamba alilazwa hospitali siku nne tu, na kwamba walipokuwa wakipitia simu yake kutafuta watu wa kuwajulisha walinikuta nimeandikwa humo kwa jina la “Diplômé wa Mombasa”. Jina langu halisi halikuwemo. Nilimwambia fundi aweke nyundo chini, nikaingia ofisini, nikafunga mlango. Ukutani mwa ofisi hiyo imetundikwa diploma yangu ya ufundi wa magari, ndani ya fremu ya kioo, na chini yake leseni yangu ya malori makubwa ya jimbo la Minnesota, ambayo muda wake ulikwisha zamani lakini siitoi. Wageni husoma diploma kwanza. Asubuhi hiyo mimi nilisoma leseni.

Sioni haya kusema kwamba nilivyo navyo nimevipata kwa mikono yangu. Malori manne, gereji, nyumba ya ghorofa mbili ambayo madirisha yake nilipima mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Ya baba na mama na nilikozaliwa nayaruka, kwa sababu hayakunifundisha kuendesha. Naandika juu ya mwaka mmoja, mwaka wangu wa kwanza Minneapolis, katikati ya miaka ya 2010, na hasa majuma saba ya mwaka huo, kuanzia mwanzo wa Septemba mpaka majani yalipokwisha mitini. Kabla ya majuma hayo nilikuwa kijana mwenye diploma anayepanga masanduku ghalani Maple Grove. Baada yake nilikuwa dereva.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya Mzee Athmani, mtu wa Mombasa kama mimi, aliyekuwa na malori matatu na ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la nyama ya halali pale mtaa wa Phillips. Chumba kilinuka iliki na mafuta ya injini. Juma la kwanza la Septemba alinikaribisha chai, akaniambia dereva wake mmoja anahamia kwa wanawe jimbo jingine, na kiti chake kitakuwa wazi mwisho wa Oktoba. Malori yake yote yalikuwa ya gia za mkono. Ukifanya mtihani kwa lori linalojibadilishia gia lenyewe, leseni yako huandikwa hivyo, na kwa Mzee Athmani leseni ya namna hiyo ilikuwa karatasi tu. Akaniuliza kama nimewahi kuendesha malori ya Kimarekani. Nikamwambia ndiyo, mara nyingi, bandarini, kuna kampuni ilikuwa nayo, ya gia tano. Hakukuwa na kampuni wala lori. Nilikuwa nimeendesha malori ya Kijapani kutoka Mombasa mpaka Malaba kwa miaka minne, na niliamini kabisa kwamba lori ni lori. Mzee alikoroga chai yake, akasema kiti atanishikia mpaka tarehe ya mwisho ya Oktoba, baada ya hapo kuna kijana wa Champlin anakingoja. Kwa mafunzo nimwendee rafiki yake Mkongomani, ana lori lake mwenyewe, atanifundisha na kuniazima nifanyie mtihani. Siku hizo hukulazimika kupitia chuo. Ukiwa na kibali cha mwanafunzi na mwenye leseni pembeni yako, barabara ilikuwa yako.

Papa Byamungu alikuwa mtu wa Uvira, mfupi, kifua kipana, mzee wa kanisa lao, na aliyavaa mashati yake akiwa ameyafunga vifungo mpaka shingoni hata ndani ya lori. Siku ya kwanza nilimuuliza ameendesha miaka mingapi. Akasema sita. Nikamuuliza na kabla ya hapo, kwao? Akasema kwao hakuwahi kushika usukani wa kitu chochote. Alikuwa mshonaji, na gari la kwanza aliloliendesha maishani aliliendesha Minnesota akiwa na miaka arobaini na mbili. Nakumbuka nilivyofurahi. Nilijua papo hapo kwamba mwanafunzi hapa si mimi. Nikapanda, nikarekebisha kiti, nikamweleza jinsi sisi watu wa barabara ya Mombasa tunavyoondoa lori. Nikakanyaga klachi mpaka sakafuni, nikatia gia ya kwanza, lori likaondoka vizuri. Nikakanyaga tena mpaka sakafuni kutafuta ya pili, na chini yetu kukatoka mlio kama mtu anayekata bati kwa msumeno.

“Uko unakanyaga embrayage sawa vile unaua nyoka,” Papa Byamungu akasema. “Doucement, polepole, Monsieur le Diplômé.”

Ngoja nieleze, maana ndiyo niliyokuja kujulikana nayo hapa pwani, na madereva wangu wote wameyapata kutoka kwangu. Malori tuliyozoea yana gia zinazojisawazisha: unakanyaga klachi yote, unavuta, gia inaingia. La Papa Byamungu, lenye gia kumi, halikuwa hivyo. Meno ya gia yanangoja mwendo wa injini ulingane na mwendo wa magurudumu, na usipolinganisha wewe hakuna atakayekulinganishia. Unakanyaga klachi nusu, unatoa gia. Unaachia klachi, unangoja mshale wa mizunguko ushuke. Unakanyaga nusu tena, unatia. Ukipunguza gia ni vivyo hivyo, ila katikati unaipandisha injini kwa mguu wa kulia badala ya kungoja. Na kule chini kabisa, kwenye inchi ya mwisho ya klachi, kuna breki ndogo iliyowekwa kwa kazi moja, kuzituliza gia wakati lori limesimama. Ukiigusa barabarani, gia zinakataa. Ukiendelea kuigusa, utaiunguza. Haya yote niliyajua. Niliweza kuyachora ubaoni. Mguu wangu wa kushoto ndio haukuwa na diploma.

Tulifanya mazoezi kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala la Maple Grove, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa sababu Ijumaa nilikuwa na sala yangu na Jumapili yake ilianza saa tatu na kumalizika watu wakiwa wamepoteza sauti. Kila aliposema kitu, mimi nilikuwa na jibu la Mombasa. Akisema nusu, nilisema kwetu tunakanyaga yote ili kuitunza gia. Akisema ngoja mshale, nilisema mimi nasikiliza injini kwa sikio. Hakubishana. Aliweka mkono wake wa kushoto karibu na kishikio cha breki ya tela na kuuacha hapo, saa nzima, kama mtu aliyesahau mkono wake. Gia zililia majuma manne. Mara nyingine niliipata, mara tatu nne mfululizo, ikiingia bila sauti, na hapo nilimwangalia usoni nione kama amegundua. Yeye alikuwa akiangalia viatu vyangu.

Siku kumi na moja kabla ya mtihani alinipeleka Saint Paul, mjini, kwenye barabara inayoteremka kuelekea mtoni. Tela lilikuwa tupu. Ilikuwa adhuhuri, jua kali lisilo na joto. Tulipofika juu ya mteremko nilikuwa gia ya nane, na hapo nilifanya kitu ambacho kila dereva niliyemjua Mariakani hukifanya akiuona mteremko wa Mazeras mbele yake: nilitoa gia, nikaliacha lori lishuke fri, injini ikinong’ona, mafuta yakibaki tangini. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, na kwa sekunde mbili nilijisikia nyumbani. Kisha Papa Byamungu aliniuliza, kwa sauti ndogo, gia iko wapi. Nikasema nairudisha sasa hivi. Nikakanyaga klachi mpaka sakafuni, nikasukuma, meno yakalia. Nikajaribu ya saba, yakalia. Nikajaribu ya nane tena. Kile kijiti cha gia kilikuwa kikitetemeka mkononi mwangu na majengo ya pembeni yalikuwa yameanza kwenda haraka.

“Acha gia,” akasema. “Breki. Kanyaga, kamata hapo hapo, usiachie.”

Chini kulikuwa na taa nyekundu, na mwanamke akivuka na kigari cha mtoto. Breki zilishika, tela likatusukuma mgongoni, lori likasimama pua yake ikiwa imeshaingia kwenye mistari ya wavukao. Yule mwanamke alisimama akaangalia juu, kwenye kioo, akinitafuta mimi. Aliegemea kigari chake kwa muda, halafu akaendelea kuvuka, polepole, akiwa ameweka mkono ndani ya kigari. Harufu ya breki ilijaa mle ndani. Papa Byamungu alifungua mlango wake, akazunguka mbele ya lori, akafungua wangu. Akaniambia nisogee. Aliendesha mwenyewe mpaka Phillips, akipandisha na kushusha gia kwenye kila taa, na njia nzima sikusikia jino hata moja.

Ningetamani angenifukuza pale pale. Lakini ilikuwa saa ya chakula, na yeye hakuwa mtu wa kumrudisha mgeni na njaa, hata mgeni wa aina yangu. Walikaa ghorofa ya pili, vyumba viwili vya kulala, meza iliyofunikwa plastiki yenye picha za machungwa, na kochi ambalo watoto walikuwa wamelichana likashonwa kwa uzi mwekundu. Mshono wa baba yao, mzuri sana. Mama Neema alikuwa akisonga bugali ya muhogo. Sombe, yaani kisamvu, ilikuwa imeshaiva, na ndagala, dagaa wao wa kukaanga, wamefunikwa kwa sahani. Alinionyesha chumba cha watoto nisalie, akanitandikia shuka safi kama alivyofanya kila mara, huku akimwamuru binti yake Neema aondoe vitabu vyake chini. Neema alielewa kila neno na kujibu yote kwa Kiingereza. Nilisali. Baada ya salamu ya mwisho nilibaki nimekaa, na ukuta ule haukuzuia kitu.

“Ule mutu anajua motokari na kinywa tu,” Papa Byamungu alikuwa akisema. “Camion yangu simupatii. Hii jioni nitamwambia Athmani.”

Mama Neema akamuuliza kama ameshaniambia mwenyewe.

“Nimwambie nini? Minasema kitu, yeye anasema kwabo Mombasa. Leo tulikuwa karibu kuua mama na mtoto.”

“Na weye ulikuwa unajua nini siku ya kwanza?”

“Mi nilikuwa najua kama sijui,” akasema. “Njo maana balinifundisha.”

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Najua nilihesabu, kwa sababu ndivyo nilivyo: siku kumi na moja za mtihani, kumi na tano za Mzee Athmani, na jioni moja. Nilifikiria maneno mengi ya kujitetea na mengine yalikuwa mazuri sana. Ningeweza kusema breki zake zilikuwa hafifu. Ningeweza kueleza, kwa michoro, kwa nini ile breki ndogo ya klachi imechakaa, bila kutaja mguu wa nani umeichakaza. Watu wanaonijua leo husema sijawahi kukubali kosa mbele yao, na wako sawa, sikumbuki nikifanya hivyo sana. Lakini nilikwenda mezani, nikanawa, nikakaa mbele ya bugali, na kabla sijaigusa nikasema.

“Papa, lori lako siwezi kuliendesha. Nilimdanganya Mzee Athmani. Nifundishe kama mtu ambaye hajawahi kuona gari.”

Kijiko cha Mama Neema kilisimama juu ya sombe. Papa Byamungu alimaliza kutafuna, akanitazama, akautazama ukuta wa chumba cha watoto, akaelewa. Aliniambia nile kwanza. Mama Neema akaniongezea ndagala, wengi kuliko wa mumewe, na tukala mpaka sahani zikawa tupu.

Kisha Papa Byamungu akaniambia nivue viatu. Baada ya sala nilikuwa nimezivaa tena buti zangu nzito za kazi, nilizozinunua ili nifanane na madereva, akazitupa mlangoni. Aliniketisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya jiko, akachukua mto wa kochi, ule wenye uzi mwekundu, akaukunja na kuuweka chini ya mguu wangu wa kushoto. Mkononi akanipa mwiko. Nikikanyaga, mguu ulizama kidogo na kugota. Hapo, akasema. Hapo ndipo klachi inapoishia duniani. Chini ya hapo hakuna kitu. Nusu, toa. Achia. Ngoja. Nusu, tia. Alipiga meza kwa vidole, mapigo ya kwaya yao, na mimi nikachanganyikiwa kwa sababu kwaya yao ina mapigo ya kuruka. Nikamwomba aache, nikaufuata mdundo nilioujua mimi, wa twari tulilopiga madrasa nikiwa mdogo: mbili za karibu, kimya, mbili za karibu. Akasikiliza. Akasema kimya chako ni kirefu mno kwa kupanda, lakini kwa tela lililojaa ni sawasawa. Nilibadilisha gia za mwiko hadi shuka la sala likakunjwa na Mama Neema akataka mwiko wake. Neema, kutoka kwenye kochi, alimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba hawa wanaume wawili wanapika gari. Papa Byamungu alicheka kwa mara ya kwanza mbele yangu, na jioni ile Mzee Athmani hakupigiwa simu.

Siku zilizobaki niliendesha na viatu vya kitambaa vyenye soli nyembamba, baridi ikipenya mpaka kwenye mifupa. Aliitengeneza ile breki ndogo mwenyewe, akilala chini ya lori kwenye changarawe ya Maple Grove, mimi nikimwangazia kwa taa na kumpa spana. Alinikataza kutamka neno Mombasa ndani ya lori. Tulirudi kwenye ule mteremko wa Saint Paul kila siku ya mazoezi, na kila siku alinifanya nichague gia kabla ya kilele, kwa sauti, kisha niteremke nayo mpaka chini bila kuigusa. Mkono wangu wa kulia ulitaka fri. Niliukalia. Nasema kweli, mara moja niliukalia, nikauweka chini ya paja mpaka taa ya chini.

Asubuhi ya mtihani kulikuwa na barafu nyembamba kwenye vioo. Mtahini alikuwa mama wa makamo mwenye ubao wa karatasi na kalamu mbili, moja sikioni. Kwenye ukaguzi wa lori nilimwonyesha kila bomba na kila nati, na hapo diploma ililipa. Aliacha kunifuata na karatasi akawa ananisikiliza. Kurudi nyuma nilirudi kama mtu anayeingiza droo. Kisha tukatoka barabarani, na baada ya kona ya tatu nikauona mteremko mbele yetu, mwingine, nisioujua, mkali zaidi. Nilikuwa ya nane. Nikakanyaga nusu, nikatoa, nikaipandisha injini, nikakanyaga nusu, nikasukuma ya saba, na ikakataa.

Lori lilikuwa halina gia na pua yake ilikuwa imeshaanza kuinama. Nilisikia kalamu ikisimama. Mkono wote ulitaka kuliacha lishuke, na mguu ulitaka kwenda sakafuni, na nilivijua vyote viwili vilikokuwa vinanipeleka. Nikakanyaga breki, nikashikilia. Mwendo ukashuka. Niliutazama mshale, sikusikiliza kwa sikio. Nikangoja, na kungoja huko ndiko kulikuwa kurefu kuliko majuma yote saba. Nusu. Achia, pandisha. Nusu. Kijiti kikaingia ya sita bila sauti, kama kijiko kwenye uji, na lori likaegemea injini yake na kutulia. Mtahini aliandika kitu kirefu. Chini ya mteremko aliniambia nikate kushoto, na tuliporudi aliniambia kwamba nimepoteza alama kwa ile gia na nimezipata nyingine kwa nilivyoirudisha, akatia sahihi.

Nilimpigia Mzee Athmani nikiwa bado uwanjani, na kabla hajanipongeza nikamwambia kwamba ile kampuni ya bandarini haikuwahi kuwepo.

“Mwanangu,” akasema, “uliniambia malori yale yana gia tano. Nikajua hujawahi hata kuliosha. Jumatatu saa kumi na mbili, usinichelewe.”

Papa Byamungu alikuwa kwenye chumba cha kusubiri na mfuko wa mikate ya Mama Neema magotini, shati limefungwa mpaka shingoni. Niliposema nimefaulu alitikisa kichwa mara moja, akanipa mkate, akaniambia ufunguo nibaki nao. Alipanda upande wa pili. Nikaondoka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakusema doucement wala hakusema chochote, na nilipogeuka kuangalia kioo cha kulia nikaona kwa nini. Alikuwa amelala. Mikono imekunjwa tumboni, kichwa kwenye dirisha, mdomo wazi kidogo. Kuna taa nyingi kutoka kule mpaka Phillips, na kwenye kila moja nilishuka gia na kupanda tena, nikingoja mshale, nikihesabu kile kimya, na hakuamka. Nimepata sifa nyingi tangu siku hiyo, nyingine nimejipa mwenyewe, lakini hakuna iliyofika hapo. Nilipofika kwenye kiwanja alichokuwa akiegesha, sikuingia. Nilipitiliza, nikauzunguka mtaa mzima ili aendelee kulala.